Jina la Kwanza la Badawi

Mtaani kwetu Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, walinibandika jina la "yule anayehesabu mafua ya watu," nami sikuwa na nguvu za kubishana nao. Mwaka wa tisini na sita, ukimwambia mtu kwamba wewe si daktari wala muuguzi wala karani wa bandarini, ila unasimamia data za utafiti wa dawa, alikuuliza papo hapo: kwani hiyo nayo ni kazi? Ilikuwa kazi. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba moja ya zamani huko Kizingo, na ndani mlikuwa na kompyuta zilizokuwa zikipata joto kutushinda sisi. Fomu zilikuja kutoka zahanati. Karani mmoja aliziingiza, karani wa pili akaziingiza upya bila kutazama kazi ya mwenzake, kisha mimi nikalinganisha. Palipokosewa hapakufutwa. Ulipiga mstari mmoja juu ya kosa, lile la mwanzo likaendelea kusomeka, ukaandika lililo sahihi pembeni na kutia saini yako. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini ya kazi yetu, na mimi nilikuwa mkali nayo hata makarani wakawa wananiigiza nikishatoka.

Dawa tuliyokuwa tukiijaribu ilikuwa ya maji, ya kuwakinga watoto na malaria. Mama alipewa chupa, akampa mwanawe kijiko nyumbani kila Ijumaa. Chupa nyingine zilikuwa na dawa, nyingine maji matamu tu, na hakuna aliyejua ipi ni ipi, si mama, si daktari, si mimi. Majibu yalikuwa ndani ya bahasha, katika kabati la chuma la Daktari Morgan, mkuu wetu. Sharti kubwa lilikuwa moja: mtoto akiumwa baada ya kuanza chupa yake, anatolewa, na asipewe tena dawa ile kabisa.

Ijumaa moja asubuhi nikakutana na majibu ya damu ya mtoto aitwaye Badawi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameandikishwa katika zahanati ya Tudor. Damu ilitolewa kabla hajaonja hata tone la chupa, na ini lake lilikuwa limeshaguswa. Nikaona ajabu. Mtoto ambaye hata kutembea hajakomaa, ini limeguswa na nini? Nikaisoma fomu yake yote. Amezaliwa usiku wa Maulidi. Mkono wa kushoto una kidole cha sita.

Kidole kile nilikuwa nimekisoma mahali. Nikatafuta kwenye kompyuta mpaka nikakipata: mtoto Khubaib, wa zahanati ya Mji wa Kale, kidole cha sita mkono wa kushoto, usiku ule ule wa Maulidi. Khubaib alianza chupa vizuri, kisha akatapika, akakataa chakula, kisha akapotea. Chini kabisa paliandikwa: amehama.

Aliyeandika alikuwa Kitsao, kijana wetu wa kuzuru majumba, mtu wa Kaloleni, mpole na mwaminifu. Nikamwita.

"Uliambiwa na nani kwamba wamehama?"

"Sikuambiwa, dada Swabaha. Nilimkuta bibi yake mlangoni, nikamuuliza Khubaib. Akasema hapa hapana mtoto wa jina hilo, akafunga mlango. Majirani nao wakasema hivyo hivyo. Ningefanyaje, nivunje mlango wa watu?"

Hapo nilielewa. Kitsao naye, nilipomtazama, nikaona kwamba ameelewa wakati ule ule, maana hata kwao mambo haya yapo. Mtoto akiandamwa na maradhi, wazee husema jina halimkubali, jina ni zito, na jina humzidi nguvu mwenyewe. Basi hubadilishwa. Husomwa dua, hutolewa sadaka, na tangu siku hiyo jina la zamani halitajwi tena na mtu yeyote wa nyumba ile, kwa kuwa kulitaja ni kuyaita maradhi yarudi. Siwacheki. Mimi mwenyewe sikuzaliwa Swabaha. Niliumwa nikiwa mchanga, nikabadilishwa, na mpaka leo hii mamangu hajanambia niliitwa nani. Nilipomuuliza nikiwa mkubwa, aliinuka akaenda jikoni.

Na Khubaib lilikuwa jina la shahidi aliyeuawa kwa mateso. Bibi yeyote angelisema ni zito.

Nilikwenda kwa Daktari Morgan, Mgiriama msomi, mtu wa haki ila mwenye ulimi. Akanisikiliza akiwa ameegemea kabati lake la chuma.

"Swabaha, vidole sita huko kwenu ni vingi kama kunguru. Mnaoana binamu kwa binamu."

"Na ini, daktari? Nalo ni la binamu?"

Akaligusa kufuli la kabati. Kisha akasema, "Nikifungua bahasha ya mtoto ambaye siye, nimeuharibu utafiti. Niletee neno la mama. Akisema ni mtoto mmoja, nafungua saa hiyo hiyo."

Na ilikuwa Ijumaa, siku ya kijiko.

Anwani ya Tudor ilikuwa ya dada yake mama mtoto, na huko nikaambiwa Mejumaa, mama mwenyewe, amekwisha kurudi kwa wakweze. Nikarudi mbio Mji wa Kale, buibui limenilowa jasho, nikaingia vichochoro nilivyovizoea tangu utoto. Wanaume walikuwa wakitoka msikitini. Nyumba iliyoandikwa kwenye fomu ya Khubaib niliijua. Nikapiga hodi, akafungua Bi Nasiha, bibi wa mtoto, mtu aliyekuwa akinipa kashata nilipokuwa nikitoka chuo cha Kurani.

"Assalaam aleikum, Bi Nasiha."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Karibu, pita ndani. Mama yako yu hali gani?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Mtoto yuwapi?"

Akanitazama sana. "Yuwalala. Hana raha tangu juzi."

Mejumaa alikuwa amekaa kwenye mkeka na mwanawe mapajani. Alikuwa msichana mdogo bado, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Chupa ilikuwa kando yake, kijiko juu ya kisahani. Mtoto alifumbua macho nikaona weupe wake umegeuka manjano. 

"Umempa kijiko cha leo?"

"Sijampa. Nangoja aamke vizuri."

"Usimpe, mwanangu. Nakuomba. Nambie, huyu aliwahi kutumia chupa yetu nyingine kabla ya hii?"

"Badawi? La. Hakutumia."

Hakuwa akisema uongo. Alisema kwa uso mkavu kabisa, kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wa watu. Kwake yeye Badawi hakuwahi kuionja chupa ile, na yule aliyeionja hakuwa tena duniani mwao.

Nikafungua mdomo kulitaja jina. Bi Nasiha akainua mkono.

"Swabaha! Usinene. Nyumbani mwangu usilinene."

Nikaufumba. Nilikaa pale nikihisi joto na hasira, hasira ya kumwona mtoto akiharibika mbele yangu na mimi nazuiwa na neno moja. Na hofu pia, nisijidanganye, kwa kuwa sehemu yangu moja ilikuwa upande wa Bi Nasiha. Ndipo nikakumbuka kwamba kwetu sisi watoto hatukuwa tukiwaandika chupani kwa majina. Kila chupa ilikuwa na namba. Mtaani walikuwa wakinisema kwa hilo, kwamba nawageuza watu namba.

"Mejumaa," nikasema, "sikuulizi jina la mtu. Nakuuliza chupa. Hamuna humu chupa nyingine kama hii?"

Akamtazama mkwewe. Bi Nasiha akatazama ukutani. Mejumaa akainuka, akaenda kwenye rafu ya jikoni, akarudi na chupa imejaa mafuta ya nazi. Karatasi ilikuwa imeingia mafuta lakini namba ilisomeka. Nikatoa mkobani kikaratasi nilichonakilia namba ya chupa ya Khubaib, nikailinganisha, kazi niliyoifanya kila siku ya maisha yangu. Ilikuwa ni ile ile.

"Chupa hii alipewa huyu mtoto uliyemshika?"

Machozi yalimtoka. Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi nisikilizeni. Dawa ndiyo iliyomuumiza ile mara ya kwanza. Mlipombadilisha mliiweka chupa kando, ndiyo maana akapona. Sasa ameanza tena, na maradhi yamerudi."

"Alipona kwa sababu tulimuondolea jina," akasema Bi Nasiha, pole pole, kama anayemfundisha mtoto. "Na yakiwa yamerudi, basi kuna pahala jina lingali laitwa. Na pahala penyewe nnapajua. Ni kwenu. Mumelitia ndani ya mashini yenu."

 Mejumaa akaikumbatia ile chupa ya mafuta kifuani.

"Dada Swabaha, nitakupa hii. Hospitali nitakwenda. Lakini kalifute. Niahidi utalifuta."

Mtoto alikuwa akihema kwa shida. Nikasema, "Nitalifuta."

Daktari Morgan aliiona ile chupa, akamwona mtoto. Alifungua bahasha mbili mbele yangu. Zote mbili zilikuwa dawa. Mtoto alilazwa hospitali jioni ile ile, akatiwa maji mshipani, na Mejumaa akakaa sakafuni kando ya kitanda kwa sababu viti vilikuwa haba.

Mimi nikarudi Kizingo peke yangu, nikaiwasha kompyuta. Kulifuta lilikuwa jambo la kugusa kitufe tu. Hakuna ambaye angejua, data zilikuwa bado hazijafungwa zisibadilishwe tena, na mtoto wa kwanza alikwisha kuandikwa kwamba amehama. Lakini nikimfuta Khubaib, dawa ile inabaki safi. Anabaki Badawi mmoja, mgonjwa wa ini tangu kabla ya chupa, maradhi yake hayana mwenyewe. Wakati huo watoto wengine walikuwa majumbani mwao, Tudor na Mji wa Kale, mama zao wamewapa kijiko siku hiyo na watawapa Ijumaa ijayo.

Nililia. Nawatukana watu kwa kulialia kazini, na siku ile nililia mimi. Kisha nikaichukua fomu ya karatasi, nikapiga mstari mmoja juu ya neno "amehama," nikaandika pembeni kwamba Khubaib na Badawi ni mtoto mmoja, nikatia saini. Kwenye kompyuta nikaandika vivyo hivyo. Majina yote mawili yakasomeka wazi, moja kando ya jingine. Asubuhi yake ripoti ilipelekwa, na kabla ya Ijumaa nyingine kufika Kitsao na wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakizikusanya chupa zote.

Jioni ya siku ile ya ripoti nilikwenda hospitali. Mtoto alikuwa amelala, mdogo mno juu ya kitanda kile, tumbo limejaa. Bi Nasiha alikuwa akivuta tasbihi. Hakunisalimu kwanza.

"Umelifuta?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angelala usingizi usiku ule, masikini. Lakini nilikuwa nimewatazama watu wangu usoni na kuwaahidi uongo, na sikuweza kuongeza mwingine juu yake.

"Sikulifuta, Bi Nasiha. Nisamehe. Kama ningelifuta, watoto wa wenzetu wangeendelea kunywa."

Mejumaa akaniinulia macho. Sikuona hasira ndani yake, afadhali ningeiona. Akamvuta mwanawe karibu, taratibu, mirija na yote.

"Watoto wa wenzetu," akasema Bi Nasiha. "Na wetu umembakisha kwenye mkono wa nani?"

 Niliondoka na biskuti nilizowaletea zikiwa bado mkononi mwangu.

Badawi alipona. Ilichukua muda mrefu, akarudi tena hospitali, akatoka, mpaka rangi yake ikarejea. Daktari Morgan alisema ni kwa sababu chupa ilisimamishwa mapema. Kwa Bi Nasiha, nilisikia, walichinja mbuzi mwingine na kusoma dua ndefu ya kumkinga na jina linalokaa Kizingo. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na mtoto alikuwa hai, basi nikajiambia yaishe.

Miezi mingi baadaye nilikuwa sokoni Marikiti nikichagua mabungo. Nikamwona Mejumaa anakuja kati ya wauzaji, amemshika mkono mtoto anayetembea mwenyewe, amenona, anatafuna muwa. Nilifurahi mpaka nikausahau mkoba wangu juu ya meza ya muuzaji. Nikapiga hatua kuwaendea.

Mejumaa aliniona. Akalivuta buibui lake upesi, akamfunika mtoto uso na kichwa akamgandamiza mapajani mwake, akageukia ukuta kama watu wanavyogeuka gari la vumbi likipita. Mtoto akacheka ndani ya buibui akidhani ni mchezo. Mkono wake wa kushoto ulibaki nje, umeushika muwa, vidole vyote sita.

Nilisimama. Nilitaka walau kumwita, nimwambie tu hujambo mwanangu, nisikie sauti yake. Nikafungua mdomo, nikaufumba haraka na kuuziba kwa mkono, kwa kuwa jina lililokuwa linakuja ulimini lilikuwa lile la kwanza.