Safu Mbili Zilizofichwa

Wanafunzi walimwita Mama Huria, na mkutubi huyo alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Zamani kazi yake ilikuwa kugonga vitabu mihuri na kuwanyamazisha wapiga soga. Siku hizi maktaba ya chuo ilikuwa imegeuka, na yeye ndiye aliyewabembeleza watafiti watoe tasnifu na takwimu zao, azipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni, asome yeyote popote alipo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mtafiti akisitasita, Mama Huria alimcheka. "Mficha uchi hazai," alimwambia, na mtafiti wa watu akalainika.

Hivyo ndivyo alivyomlainisha muuguzi mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili. Muuguzi huyo alikuwa amewahoji wanawake arobaini na mmoja waliokuwa wakichomwa sindano za uzazi wa mpango bila waume zao kujua. Aliwaapia siri. Mama Huria akamhakikishia kwamba majina yakiondolewa hakuna kitakachovuja, akalikagua jedwali lake, akatia saini fomu ya ukaguzi, akalipandisha Jumatatu asubuhi. Mchana wake, akiwa amevimba kichwa kidogo, tuseme ukweli, akalifanya zoezi la semina yake kwa darasa zima la takwimu, mwaka wa pili.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Alilifungua tena jedwali lile ili anakili maelezo kwa ajili ya ripoti, na jicho likamkwama juu, kwenye herufi za safu. A, B, C, F. Akasoma upya. Akabofya pale kati ya C na F, na safu mbili zikafunguka: majina, na namba za simu.

Kijasho chembamba kikamtoka. Aliliondoa jedwali mtandaoni, kisha akatazama kihesabio cha pembeni. Lilikuwa limepakuliwa mara sitini na tatu. Hifadhi angeweza kuifunga, lakini nakala zilikuwa kwenye simu na kompyuta za watu, na maji yakimwagika hayazoleki. Akampigia muuguzi aje upesi.

Muuguzi alifika baada ya robo saa, bado amevaa sare ya zahanati.

"Lakini nilizificha!" alisema alipoonyeshwa. "Nilizificha mwenyewe, kwa mkono wangu!"

"Ulizificha, hukuzifuta. Na mimi niliyesaini sikuangalia. Kosa langu ni kubwa kuliko lako. Tuwapigie."

"Uwapigie useme nini? Simu nyingine wanazishika waume. Sisi wenyewe ndio tutakaowaumbua."

"Na tukinyamaza?"

Muuguzi aliitazama saa ya ukutani. Alivuta kiti akakaa. "Saa hizi wanaume wengi wako kazini," akasema mwishowe. "Akipokea mwanamume, sema umekosea namba."

Walifunga mlango wa ofisi. Huko nje wanafunzi walikuwa wakinong'ona na kucheka chinichini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Mama Huria alitamani jengo lote liwe tupu. Simu ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa na mama mwenye sauti nene, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Haya, nimesikia," akasema. "Mume wangu mwenyewe hata barua ya serikali husomewa na mimi. Ila na nyinyi wasomi, loo! Siri ya mtu mnaianika kama nguo?"

Mama Huria akaomba radhi, na radhi yenyewe akaiona nyepesi. Akapiga ya tatu.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya chini, ya kuibia.

"Dada, uko peke yako?"

"Nani mwenzangu?"

Mama Huria alimweleza moja kwa moja, bila kujitetea. Jina lake na habari ya sindano vilikuwa mtandaoni, wanafunzi walivipata, na ingawa vimeondolewa, nakala bado zipo. Upande wa pili mtoto alilalamika kidogo, akabembelezwa.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Wanafunzi wa nini hao?"

"Wa takwimu. Mwaka wa pili."

Mwanamke aliishusha sauti zaidi.

"Shemeji yangu anasoma hapo kwenu," akasema. "Takwimu hizo hizo. Jana alikuja hapa, akamwita kaka yake nje, wakaongea sana. Tangu hapo mume wangu hajanisemesha. Leo hata kazini hakwenda. Mimi nikajua anaumwa."

Muuguzi, aliyekuwa ametega sikio kando ya simu, alijiziba mdomo.

"Yuko wapi sasa?" akauliza Mama Huria.

"Sebuleni. Amekaa tu. Mimi niko jikoni."

"Jikoni kuna mlango wa nje?"

"Upo."

"Basi toka, dada. Mchukue mtoto, nenda zahanati sasa hivi. Muuguzi wako ninaye hapa, tunakuja kukukuta huko huko."

"Nitatokaje? Viatu vya mtoto viko sebuleni, pale miguuni pake."

"Mbebe," akasema Mama Huria, na tayari alikuwa amesimama. "Mbebe hivyo hivyo."