Stuli ya Mashine ya Furaha

Meneja wa kiwanda cha kushona sare alirudi kutoka semina ya siku mbili akiwa na furaha hadi kwenye kope, akaamua kuwagawia wafanyakazi, wakitaka wasitake. Ukuta ukapakwa rangi ya njano. Ikabandikwa picha ya watu wasio na tone la jasho, eti wanaichekea kompyuta. Upuuzi mtupu.

Mama Pasi aliyatazama hayo yote akiwa amesimama, maana kusimama ndiyo kazi yake. Miaka kumi na moja alikuwa akinyoosha mashati, asubuhi hadi jioni, na miguu ilivimba hata viatu vya mumewe vikawa vinambana. Daktari alimwambia wazi: asipokaa kila baada ya muda, mguu wa kushoto hautampeleka tena kazini. Mara tatu aliomba stuli. Mara tatu Meneja akamjibu kwa sauti ya kubembelezea mtoto, "Mama yangu, stuli inaleta usingizi." Kiti chake mwenyewe kilikuwa cha kuzunguka, chenye pa kuegemeza kichwa.

Kisha ikaja mashine ya furaha, kidude chenye vitufe vitatu: uso unaocheka, uso uliokaa tu, na uso ulionuna. Kila anayetoka abonyeze siku yake ilivyokwenda. Na bwana mkubwa, kwa akili zake za kuazima, akaiweka palepale mbele ya dirisha la ofisi yake. Nani angethubutu? Watu walibonyeza kicheko huku wamenuna. Wiki mbili zikapita, kitufe cha kununa bado kina nailoni yake ya dukani.

"Asilimia mia," Meneja aliwatangazia, meno yote nje. "Wote arobaini mna furaha."

"Wifi, umesikia?" mshona vifungo, mke wa kaka yake Mama Pasi, alimnong'oneza. "Kumbe tuna furaha na hatujui."

Mama Pasi hakucheka. Macho yake yalikuwa yametua chini ya mashine, kwenye kitu kilichoibeba: stuli mpya, ya mbao, yenye mto. Kidude kisicho na miguu kimepewa pa kukaa. Hasira ikampanda.

Alizima pasi kwanza, maana shati la watu halina kosa. Akajikokota hadi dirishani, akaiteremsha mashine sakafuni, akaenda na stuli mezani kwake, akakaa.

Meneja alitoka mbio. "Sasa watu watabonyezaje?"

"Watainama, baba. Mara moja tu kwa siku."

Alifungua mdomo, akaona cherehani zote zimenyamaza na watu wote wanamtazama yeye, akarudi ofisini.

Jioni ile wakainama mmoja mmoja, chini ya dirisha, ambako Meneja hakuweza kuona kidole cha nani kinabonyeza nini. Asubuhi akaikuta nailoni imetupwa sakafuni. Walionuna, thelathini na tisa. Aliyecheka, mmoja.

"Ni nani huyu?" aliuliza, na sauti ya semina imemtoka.

"Ni mimi," alisema Mama Pasi, amekaa. "Ukitaka tuwe wawili, leta stuli nyingine."