Jina la Mchumaji

Kila asubuhi nilibadilisha magazeti katika hifadhi yetu ya mimea mikavu. Mmea uliobanwa hutoa maji, na usipoondoa gazeti lililolowa, majani yanaoza. Kwa hiyo nilifungua vibanio vya mbao kimoja kimoja, nikatandika karatasi kavu, nikakaza kamba tena. Asubuhi ile ya Novemba 1992 nilikuwa kwenye kibanio cha nne mkuu wa idara alipoingia na kuweka bunda la vikaratasi vitupu mezani.

"Mwaba, majina ya Bakasai itoke mule mu makabati. Andika yako."

Nilitaka kumwambia hapana.

"Ndiyo, chef," nikasema.

Vikaratasi vya zamani, vilivyobandikwa kwenye mimea, vilikuwa arobaini na moja. Kila kimoja kilieleza mti ulipatikana wapi, katika udongo gani, kivuli gani, na chini kabisa jina la mchumaji: Ruphin Ntumba. Papa Ruphin alikuwa fundi wetu miaka ishirini na miwili. Yote ninayoyajua kwa mikono, si kwa vitabu, alinifundisha yeye. Sasa ilikuwa wiki ya tatu analala nje ya gare na maelfu ya watu wa Kasai waliofukuzwa mkoani kwetu, wakingoja treni ya kurudi kwao. Nilinakili maneno yake yote, nikaweka jina langu chini. Vya zamani nikavichoma.

Adhuhuri nikapanda baiskeli kwenda muhulu. Ndivyo tunavyoita kipande cha msitu kisichopukutisha majani hata kiangazi, katikati ya miti ya kawaida ya huku. Watu hawakuukata kwa sababu machifu wamezikwa humo, lakini mwaka ule kazi zilikuwa zimekwisha mjini, na wachoma makaa walikuwa wamefika ukingoni. Ndani kuna mti mdogo, haupiti mita nne, majani mazito yanayong'aa, unaokaa kivulini kando ya vichuguu vya zamani. Papa Ruphin aliungoja miaka mitatu utoe maua, na sasa nilikwenda kuuangalia kwa niaba yake. Bila ua hatuwezi kujua ukoo wake.

Muhulu hauingiwi hivi hivi. Unapiga makofi mawili, unataja jina lako, unasema unachotaka. Nilipiga makofi. Jina halikutoka. Kwa vikaratasi vile, ni mimi niliyechuma humo miaka yote bila kubisha hodi.

Ndani kabisa, penye giza la mchana, makofi mawili yakajibu. Polepole, kama ya Papa Ruphin.

Niliingia. Hapakuwa na mtu. Mti ulikuwa umechanua kwenye shina lenyewe, maua meupe, madogo kama punje za mchele, yameng'ang'ania gome mpaka karibu na ardhi. Nilibandua kipande cha gome na maua yake, nikakifunga katika gazeti, nikakanyaga baiskeli mpaka gare bila kuangalia nyuma.

Papa Ruphin alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, amekonda. Mke wake, Mama Martine, alikuwa akisonga bukari.

"Eh, mademoiselle wa majani! Na weye bamekufukuza?"

"Hapana, papa. Ile muti imetoa maua."

Akafungua gazeti juu ya sahani ya Mama Martine, akaliinamia.

"Ku mwili ya muti! Na siye miaka tatu tunaangalia ku matawi, sawa bajinga!" Akacheka mpaka akakohoa. "Martine, ona!"

"Inakuliwa?"

"Hapana."

"Basi itoe pa sahani yangu."

Akanirudishia gazeti kwa mikono miwili. "Andika muzuri, mwana yangu. Kivuli, udongo, tarehe. Unajua, hapa banatuita bantu ba bule. Lakini kule ndani ya makabati jina yangu iko. Siku moja batoto yangu batakuja kuisoma."

Honi ikalia. Uwanja mzima ukasimama kwa pamoja, sufuria zikamwagika, watoto wakaitwa majina yao. Nilibeba godoro, Mama Martine akabeba sufuria, tukasukumwa mpaka kwenye behewa.

"Safari njema, papa," nikasema. "Mungu akulinde."

Alikuwa ameshapandisha mguu mmoja. Nikamshika shati.

"Nini tena, Mwaba?"

"Papa, jina yako haiko tena. Ni miye njo niliifuta, ku bikaratasi yote. Niliogopa, nikaandika yangu."