Shati la Kuondokea

"Kata!" binti alipiga kelele, na kamera ilikuwa hata haijawashwa.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kama alivyofundishwa. Mkoba ulikuwa begani, viatu vilikuwa vilevile vya kufungwa kwa kamba, na macho aliyaelekeza barabarani, si kwenye kamera. Ila ndevu hazikuwepo. Kidevu kilikuwa kinang'aa kama sahani iliyotoka kusuguliwa. Na lile koti la tope, koti ambalo filamu nzima ililitegemea, halikuonekana. Mahali pake pamekaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama.

"Baba, ndevu ziko wapi?"

"Nimenyoa."

"Naona umenyoa. Nauliza kwa nini."

"Si ulisema leo ndiyo naondoka?"

Kando ya kamera, fundi cherehani alivua hedifoni akazishusha shingoni. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa binti huyo, na katika filamu hii alibeba kazi mbili: sauti na mavazi. Lile koti alikuwa amelichafua kwa mikono yake mwenyewe. Alilipaka masizi, akaliloweka kwenye maji ya majani ya chai, akalianika, akalikanyagakanyaga uani mpaka majirani wakamwonea huruma.

"Baba mkubwa," alisema taratibu, kama anayeulizia hali ya mgonjwa, "na koti?"

"Limefuliwa. Liko kwenye kamba huko nyuma. Lilikuwa linanuka, mwanangu, sijui lilipatwa na nini."

Fundi cherehani alikaa chini, akashika kichwa.

Mwenye filamu hakukaa. Hakuwa mtu wa kukaa. Mtaani walimwita Fundi Picha, kwa sababu hakuna bibi harusi upande ule wa mji aliyekata keki bila yeye kuwepo na kamera yake begani, akiwaambia mashangazi wasogee kidogo. Harusi zilimlisha, na harusi zilimfundisha kazi: kupata mwanga pasipo na mwanga, na kutomwambia mtu arudie kulia. Lakini moyoni alikuwa na filamu moja ya kwake, na msimu huu, harusi zilipopungua, aliamua kuitoa. Hakuomba ruhusa ya mtu. Taa aliazima, shuka jeupe la kitandani likawa la kurudishia mwanga, na kamera ilipotakiwa kutembea waliipakia kwenye toroli la mjenzi jirani wakalisukuma polepole, gurudumu likiwa limepakwa mafuta ya kupikia lisilie.

Ilikuwa filamu ya wazururaji. Wale wanaolala kwenye baraza za maghala, wanaopakua magunia leo hapa, kesho wamesikia kuna ujenzi mahali fulani, wanakwenda, na huko wakifika hawakai pia. Baba yake alikuwa mmoja wao tangu yeye hajazaliwa. Aliwajua wote, na ndiye aliyewaleta. Kuwaleta si kuwaweka. Mmoja wao, Sufuria, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuachana na sufuria yake hata akienda msalani, aliigiza vizuri ajabu siku ya kwanza, akasifiwa, akapiga picha na kila mtu, na kesho yake hakuonekana tena. Fundi Picha hakubabaika. Alipiga picha pale mahali alipokuwa amelala, na lile duara jeusi la moshi wa sufuria yake, kisha akasonga mbele na hadithi. Mtu anayetaka waigizaji wa kutulia akawatafute wenye nyumba.

Ndiyo maana baba yake kukaa mpaka siku ya mwisho lilikuwa jambo la kushukuru kimyakimya, bila kulitaja, lisije likashtuka. Alikuwa ameshasema wazi: filamu ikiisha, anaondoka. Kusini kuna kazi ya kuvuna, ameisikia. Kwa hiyo picha ya leo ilikuwa moja tu, na bila picha hiyo filamu haikuwa na mwisho: mtu anaondoka nyumbani kwake asubuhi, kinyemela, watu wote wamelala.

Aliijua picha hiyo kuliko zote. Utotoni alikuwa anaamka anakuta upande wa baba kitandani ni mtupu, mama yuko uani anaosha vyombo, na hakuna anayesema kitu. Ametoroka tena. Aliikuza akilini miaka yote hiyo: mlango unasukumwa polepole, koti chafu linapita, mtu mzima anakanyaga kwa vidole kama mwizi. Mwanzo wake walishaupiga, alfajiri mbili mfululizo, baba akinyata kwa ustadi mpaka fundi cherehani akacheka na kuharibu sauti.

"Sikiliza, Baba," alisema sasa, akijikaza. "Mtu anayetoroka hanyoi. Hapigi pasi. Hana muda huo."

"Nani anatoroka?"

"Wewe. Kwenye filamu."

"Aa, kwenye filamu." Mzee alikuna kile kidevu kipya. "Mimi nikadhani leo tunafanya la kweli. Zile siku za kunyata nilikuwa nakufurahisha tu, mama. Nikasema labda sinema inataka hivyo. Lakini mtu utaingia mji wa watu na tope? Nani atakupa kazi? Nani atakupa hata maji? Siku ya kuondoka ndiyo siku ya kuwa safi kuliko zote. Uchafu utaukuta njiani."

"Na pasi ulipiga saa ngapi?"

"Pasi nimepiga mimi," sauti ya mama yake ilitoka ndani.

Alitokea nyuma ya mumewe akijifuta mikono kwenye gauni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye shingo ngumu, na filamu hii alikuwa ameitazama tangu mwanzo kama mtu anavyotazama watoto wa jirani wanavyocheza: wasivunje kitu, basi.

"Wewe?" Fundi Picha aligeuka.

"Kwani yeye anajua kupiga pasi? Ataunguza kola. Kila safari nampigia mimi. Anafua jioni, ananyoa, mimi nampigia pasi asubuhi, anakunywa chai, anakwenda zake."

"Kila safari."

"Kila safari. Ulidhani anapitia dirishani?"

Kwa kweli ndivyo alivyodhani, au karibu na hapo. Alikuwa amemkasirikia baba yake miaka mingi kwa kutoroka, na alikuwa amemhurumia mama yake kwa kutorokwa, na filamu yake yote ilikuwa imejengwa juu ya hasira hiyo na huruma hiyo. Sasa watu hawa wawili wamesimama mlangoni wanamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa kufika. Iliuma. Aliisikia harufu ile kabla hajajua ni ya nini: sabuni na kitambaa cha moto. Asubuhi zile za kuamka na kukuta kitanda kitupu, nyumba ilikuwa inanuka hivi hivi.

"Mbona hamkuniamsha?" aliuliza, na sauti iliyomtoka haikuwa ya fundi wa kitu chochote.

Mzee alitazama viatu vyake. "Nilikuamsha mara moja. Hukumbuki, ulikuwa mdogo sana. Ukanishika mguu. Nikaweka mkoba chini, nikakaa mwaka mzima."

"Mwaka wa tabu ule," mama alisema. "Anakaa hapo mlangoni anatazama magari kama mgonjwa. Chakula hali, maneno hana. Nilimpigia pasi mwenyewe bila kuombwa. Nikamwambia, nenda bwana, utanifia hapa."

"Miguu yangu ilizaliwa kwanza," alisema mzee, akijaribu kucheka, "mimi nikafuata baadaye."

Fundi cherehani alikuwa amezivaa tena hedifoni zake bila sababu yoyote, labda apate pa kuficha uso.

Fundi Picha alikwenda kwenye kamera, akaifungua kutoka kwenye stendi, akaiweka begani. Kilio kilikuwepo, lakini mwanga nao ulikuwepo, na mwanga haungoji mtu amalize kulia. Miaka ya harusi ilikuwa imemwachia jambo hilo: mikono kujua kazi yake hata moyo ukiwa umekwenda kwingine.

"Zile picha za kunyata tunazitupa," alisema. "Baba, vua hilo shati, likunjekunje. Mama, washa pasi."

"Mimi? Kwenye sinema? Na gauni hili?"

"Na gauni hilohilo."

"Watu wataniona!"

"Ndiyo maana yake, Mama."

Mama alikataa, akasema ana kazi, akasema hajachana nywele, kisha akaenda kufunga kitambaa kizuri kichwani na kurudi akiwa ameshika pasi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Fundi cherehani alisogeza meza karibu na dirisha, akatandika blanketi, akalishika lile shuka jeupe kurudisha mwanga upande wa pili.

Safari hii Fundi Picha hakumfundisha mtu kitu. Alisogea karibu tu. Mama alilowesha ncha ya kidole kwa mate akagusa chini ya pasi, ikalia *tss*. Alianza na kola, akaja mabegani, akageuza mikono, akapita katikati ya vifungo kwa ncha, vile mtu anavyozunguka watoto waliolala. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda na fulana yake, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, anasubiri kuvishwa. Ilipokwisha, mama alilishika shati mabegani akalinyanyua juu, na mzee akainuka akaingiza mikono, na mama akafunga kifungo cha juu, kile kigumu. Mkono wake ulibaki hapo kidogo. Kamera ililipata hilo. Haikuwa picha ya mtu kutorokwa.

Fundi cherehani alimbandika mzee maiki ndogo ndani ya shati, karibu na moyo, akaficha waya wake.

Ikabaki picha ya barabara. Kutoka mlangoni barabara ya vumbi ilinyooka, ikapita ukuta wa ghala la nafaka, ikafika nguzo ya umeme iliyoinama, hapo ikapinda. Utaratibu wao ulikuwa uleule waliouzoea msimu wote: baba anatembea mpaka kwenye nguzo, anasimama, anageuka kumtazama. Akiona mkono umenyanyuliwa, arudi, picha inarudiwa. Akiona dole gumba, ni nzuri, kazi imekwisha.

"Baba, tembea tu. Usinyate."

Akatembea. Shati likapata jua, jeupe hata likaumiza macho, na mkoba ukawa unamgonga nyongani kwa mdundo wake wa zamani. Aliwapita watu wawili wakamsalimu, akaitikia, wakapita. Picha haikuwa na dosari hata moja. Alifika kwenye nguzo, akageuka.

Fundi Picha alinyanyua mkono.

Mzee akarudi, akapangusa jasho. "Nimekosea wapi?"

"Mwanga. Turudie."

Akaenda tena. Ikawa nzuri kama ile ya kwanza. Akageuka kwenye nguzo, na mkono ukanyanyuka. Mara ya tatu mkono ulinyanyuka kabla hajageuka sawasawa, na alirudi akichechemea kidogo, akitabasamu, bila kuuliza lolote. Alipokaribia, binti yake aliona kwamba ameelewa. Alikuwa tayari kwenda na kurudi hivyo mpaka jua lizame, kama ndicho kinachotakiwa.

"Dada," fundi cherehani alinong'ona, "ya kwanza ilikuwa safi. Sauti, kila kitu."

"Najua."

Mama alikuwa ameegemea mlango, pasi bado mkononi, inapoa. "Mwanangu," alisema kwa upole ambao hakuutumia mara nyingi, "shati linakunjamana."

Fundi Picha alitikisa kichwa kukubali. Alimwendea baba yake, akamnyoosha kola, akafuta vumbi begani ambalo halikuwepo. Mzee alimshika kidevu kama alivyomshika utotoni, akakitikisa kidogo.

"Haya, mama."

"Haya, Baba. Nenda vizuri."

Akarudi nyuma ya kamera, akaiwasha. Mzee akatembea, taratibu zaidi sasa, ukuta wa ghala ukampita, nguzo ikamfikia. Alisimama. Akageuka, mkono mmoja kwenye mkanda wa mkoba, akasubiri.

Mkono wa Fundi Picha ulikuwa mzito. Aliutoa kwenye kamera, akaunyoosha mbele kwa urefu wake wote, ili hata jicho la uzee lione, akatoa dole gumba.

Kwenye nguzo yule mtu wa shati jeupe alitikisa kichwa, akaweka mkoba sawa, akapinda. Barabara ikabaki peke yake. Hakusema "kata". Aliiacha kamera iendelee kuitazama.

"Dada!" Fundi cherehani alishika kichwa kwa mara ya pili siku ile. "Ameondoka na maiki!"

"Unamsikia?"

Mdogo wake akasikiliza, machozi yakamjaa. Alivua hedifoni akampa. Hatua zilikuwepo, za kamba na ngozi na vumbi. Pumzi zilikuwepo. Mzee alikuwa anaimba puani wimbo usio na maneno, akaukatisha akajisemea, "Ya kwanza ilikuwa nzuri, ile ya kwanza," akacheka peke yake, na sauti ikaanza kukwaruzakwaruza.

Fundi Picha alihisi mtu ubavuni. Mama yake alikuwa ameweka pasi chini kwenye kizingiti na kuja na miguu mitupu mpaka barabarani. Alinyoosha mkono bila kuuliza. Binti yake akazivua hedifoni, akamvisha juu ya kile kitambaa kizuri, akazibana kwa viganja vyake zisimwanguke.

Mama alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inafuata wimbo. Wakasimama hivyo katikati ya barabara, huyu anasikiliza, huyu amemshikia masikio, na kamera nyuma yao bado inaona nguzo.