Mfuko wa Kaka

Mtaani wananiita Barua, kwa sababu sijawahi kuonewa nikanyamaza bila kuandika. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nilijisomea mwenyewe, mezani kwangu, katikati ya redio za watu zinazosubiri kutengenezwa. Kwa hiyo kaka yangu alipolazwa kwa kiharusi, niliingia wodini na kalamu mbili, moja ya akiba.

Nilikuwa na sababu. Miaka kumi na tisa iliyopita, wodi hiyohiyo, kitanda cha tatu kutoka dirishani, mama yetu alitundikiwa dripu asubuhi, na mpaka anakata roho hakuna aliyerudi kuitazama. Wao wamesahau. Mimi nakumbuka hata rangi ya pazia.

Siku ya pili kaka akaanza kusinzia huku unamsemesha. Daktari, binti mwembamba mwenye raba miguuni, akaniita pembeni. Ubongo umevimba, alisema. Atatundikiwa manitoli, dawa ya kuvuta maji kichwani yatoke kwa mkojo.

"Lakini dawa yenyewe haina mchezo, baba. Mkojo ukipungua, figo ziko hatarini. Hapo tunasimamisha."

"Yaani mnamtoa mtu maji kwa kumtundikia maji? Hiyo naiandika."

"Andika. Andika na mkojo, ndio muhimu."

Nikaandika, nikapiga na mstari chini.

Dawa ikaanza. Kesho yake asubuhi kaka akafumbua jicho moja, akanitazama kama mtu aliyeletewa redio mbovu. Nilifurahi mno. Lakini saa saba mchana muuguzi akachungulia mfuko wa mkojo uliofungwa ubavuni mwa kitanda, akasoma karatasi yake, akaguna. Tangu alfajiri: mililita hamsini. Daktari akaja mbio.

"Dozi ya saa nane msimpe. Figo zinagoma."

"Na uvimbe je?" nikauliza.

Akamfunua kaka kope, akammulika kwa tochi, akatikisa kichwa. Kaka alikuwa amesharudi kukoroma.

Basi nikawasha moto. Nikamsomea muuguzi historia yote kuanzia mama. Nikamwambia hawapimi, wanabuni. Nikatoa karatasi, nikaandika juu, "Uzembe Uliokubuhu", na nilikuwa ukurasa wa pili muuguzi aliposema kwa upole kabisa, "Mama, unafanya nini hapo?"

Hakuwa anasema na mimi. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda na chupa tupu ya maji ya lita moja, anafungulia mfuko.

"Nasafisha. Saa ya wageni imekaribia, na baba mkwe anakuja."

"Umeanza lini kusafisha?"

"Tangu jana. Mume wangu mtu nadhifu, sista. Nimwache mambo yake yananing'inia hadharani kama taa ya barabarani?"

Muuguzi akaketi kwenye kitanda cha jirani. "Leo umemwaga chupa ngapi?"

"Moja ilijaa. Ya pili ilifika nusu."

Daktari akafumba macho, akafumbua. "Mama, hukuambiwa mkojo tunaupima?"

"Aniambie nani? Mlipoeleza nilikuwa nyumbani naoga."

Wote watatu wakanigeukia. Nilijifanya natafuta kalamu ya akiba.

"Ehee, shemeji," akasema mke wa kaka. "Pazia la miaka kumi na tisa unalikumbuka. Agizo la jana je?"

Daktari hakukubali kutoa dawa kwa ushahidi wa chupa, na hapo nikamheshimu. Akachukua damu kupima figo, akaagiza mfuko uachwe saa nzima bila kuguswa. Nikavuta kigoda, nikaukodolea macho. Sijawahi kuombea mkojo wa mtu namna ile.

"Punguza kukodoa," muuguzi akaninong'oneza, "utamtia aibu asitoe."

Saa ilipotimia: mililita mia na themanini. Damu ikajibu kwamba figo ziko salama. Saa tisa na nusu chupa ya dawa ikatundikwa, na shemeji akauvisha mfuko foronya, yenye tundu la kuchungulia namba.

"Na ile barua vipi?" muuguzi akauliza.

"Ipo," nikamwambia, na iko kweli. Uzembe niliufuta. Nikaandika kwamba ukutani kuna tangazo la kukataza kutema mate na la kuzima simu, ila hakuna hata moja la kumwambia ndugu wa mgonjwa asimwage mkojo. Na kwamba muuguzi mmoja kwa vitanda ishirini na sita hawezi kuona kila chupa. Hilo silifuti. Nyuma ya karatasi nikachora mistari: saa, kiasi, aliyepima.

Jua lilikuwa bado liko dirishani nilipokuwa namsomea shemeji hesabu kwa sauti. Kaka akafumbua jicho, halafu la pili. Mdomo ukahangaika upande mmoja.

"Nani... huyo... kelele?"

"Unamuuliza nani?" shemeji akasema, huku machozi yanamtoka. "Si mdogo wako?"

Nikaandika: saa kumi na mbili kasorobo, mia mbili na kumi, nimepima mwenyewe.