Khaled Ametengeneza Gitaa Langu

Kaka yangu Khaled ni fundi magari pale Nyakabiga. Mutu akimletea kitu kinachopiga kelele, yeye anakinyamazisha. Ndiyo kazi yake, simlaumu. Lakini nani alimwambia gitaa langu ni gari?

Lilikuwa linakoroma kwa sababu mi nilitaka likorome. Kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi nilikisugua kidogo kidogo, miaka, mpaka kila sauti ikawa na mtetemo nyuma yake, kama inanga, kile kinanda chetu cha nyuzi, inavyonguruma chini ya sauti ya mzee anayeimba kwa kunong'ona. Katikati ya nyuzi nene nikapenyeza vipande vya waya wa breki, nilivyookota gereji kwake mwenyewe. Kwenye harusi moja walinishusha jukwaani. "We Hamimu, kaza nyuzi kwanza!" Wakacheka, na mpaka Musaga nikajulikana kwa hilo. Haya.

Ndipo akaja Elvire, anayechagua wanamuziki wa tamasha moja huko Ufaransa. Alikuwa amesikia rekodi niliyojichukua kwa simu. Akasema anataka sauti ile ile, nyingine hana haja nayo, nimpigie Jumamosi kwenye ukumbi mdogo wa Kinindo. Wiki nzima nilikuwa na furaha ya kitoto, sifichi.

Gitaa hulala gereji, maana mke wangu Asiya hataki kulisikia nyumbani. Jumamosi Khaled akalileta ukumbini mwenyewe, amevaa kanzu yake ya Idi. Nikafungua mfuko. Nyuzi mpya. Mfupa mpya, umegandishwa kwa gundi. Waya hakuna.

"Nimekutengenezea, mdogo wangu," akasema. "Siku kubwa kama hii uende na kitu kibovu? Apana."

"Na ule mfupa wa zamani?"

"Nimetupa. Ulikuwa umelika wote."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini jina langu lilikuwa limeshaitwa, nikapanda. Gitaa likatoa sauti safi, ya gitaa lolote la dukani. Watu wakasimama kunishangilia, wale wale wa harusini. Elvire akapiga makofi ya adabu. Mlangoni akanipa mkono, akasema, "C'était joli," yaani ilipendeza, na habari ya tamasha hakuigusa.

Khaled akanikumbatia mbele ya watu, machozi yanamtoka kabisa.

"Unaona?" akasema. "Miaka yote tulikuwa tunakusema bure. Kumbe shida ilikuwa gitaa tu."

Nikamwambia asante.