Nakala ya Tatu

...na kwanza heshima, siku zote heshima, "Ninayo heshima kukuarifu," mstari wa kwanza wa nakala ya tatu, mkono unaujua wenyewe wala hauniulizi, ninayo heshima kukuarifu kwamba kijiji cha Harnaipurwa kimechomwa moto, hapa koma, hapana, yeye kaweka nukta, Sahib Dunkerley, bwana wetu Mwingereza, ni mtu wa nukta, kimechomwa moto, nukta, nafaka iliyokutwa imetwaliwa kwa ajili ya farasi, nukta, na jasho hili linaloteremka kwenye kiwiko, likidondoka hapa nimekwisha, nitaanza upya toka juu, maana nakala yenye doa haiendi Kalkuta, wakubwa hawasomi doa, moja ya Allahabad, moja ya Kalkuta, moja ya sanduku letu, tatu kila siku tangu askari wa Meerut walipowageuzia bunduki maofisa wao Waingereza, na mke wangu ananiuliza, Baba Shyama, unaandika nini kutwa nzima, namwambia barua, anauliza za nani, namwambia za watu, lete maji ninawe, basi, na pazia la mizizi ya khas mlangoni, la kumwagiwa maji lipooze chumba, limekauka tena, mwagiaji maji haonekani, huenda naye katoroka, upepo wa moto unaingia kama vile mtu kafungua tanuri, na hii nyumba ilikuwa bohari la afyuni, harufu haijatoka ukutani, kichwa kinaniuma tangu asubuhi... haya, Gaindan Lal, andika, umelipiwa kuandika hukulipiwa kulalamika, saa ya ukutani inasema saa sita kasorobo, mstari wa tano, na mkuu wa kijiji hicho, Mahkam Singh, amenyongwa leo saa sita mchana mbele ya watu.

Amenyongwa, na hapo nje ya pazia, hatua mbili toka sikio langu, anakohoa. Namsikia. Kafungwa mikono kwenye nguzo ya baraza, mzee wa miaka sabini, kilemba kimemfunguka hakuna wa kumfungia, na mlinzi wake kijana wa Punjab hajui hata neno moja la lugha yetu ya vijijini, amekaa anachokoa meno. Nilimuuliza Sahib asubuhi, kwa adabu, maana siku hizi hata swali linaweza kukupeleka kwenye mwarobaini wa kunyongea watu, nikasema, "Sahib, samahani, hapa umeandika amenyongwa," akasema bila hasira, hana hasira yule, ndilo baya lake, "Tarishi anaondoka saa sita, Munshi. Barua ikifika itakuwa kweli." Kwanza karatasi, kisha kamba, ndivyo alivyo, hawezi kutoka kwenye kiti akaacha barua haina saini, na kule mwisho wa chumba anaandika nyingine, shingo nyekundu, kola imelowa, kalamu yake inakwaruza tu, kwa hiyo uhai wa yule mzee ni hii nakala iliyobaki mkononi mwangu, mistari minane na kiambatisho, ewe Chitragupt, wewe unayeandika daftari la wafu mbele ya mfalme wa kuzimu, sisi watu wa kabila la kalamu tunasema wewe ni babu yetu, kila mwaka tunakupangia kalamu na kidau tunakutilia maua, siku hiyo hatuandiki hata jina, niambie, wewe nawe huwa unaandika kabla?

"Munshi-ji," anaita, sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, "unaendelea?" Nasema naendelea, Chaudhri, ndivyo kwetu anavyoitwa mkuu wa kijiji. "Andika vizuri, mwanangu. Andika wale askari walikula mpaka mbegu. Walikula mpaka mbegu, halafu wakasema chumvi haitoshi." Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi. "Mmoja alikuwa na kidonda mguuni, mke wangu akampaka manjano." Nasema hilo tusiliandike. "Haya, hilo liache, wewe ndiye unayejua." Wewe ndiye unayejua, anasema, kwa sababu anadhani naandika arzi yake, ombi lake, maskini ya Mungu, maisha yake yote munshi, karani kama mimi, akiinama karatasini huku wewe umesimama pembeni basi ni shida yako inayoandikwa, shamba lako, ng'ombe wako, kodi yako ipunguzwe kwa ajili ya ukame, hajawahi kuona karatasi inayoandikwa karibu yake ambayo hakuiomba, na mimi sikumwambia, nitamwambiaje, nimekaa naitika tu haya, haya, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, mstari wa sita, adhabu hii ilistahili, kwa kuwa barua iliyokamatwa kivukoni ndani ya kilemba cha mjumbe wake, ambayo tafsiri yake naiambatisha, inathibitisha kwamba wenyeji walikuwa wakijiandaa kuwalisha waasi mia mbili siku ya pili yake.

Inathibitisha. Barua yenyewe si kubwa kuliko kiganja. Mzee kaandikiwa na karani wa kijiji, kwenda kwa shemeji yake mzee ng'ambo ya mto, mwandiko wa haraka, mtu anayeandika huku anatazama mlango, "Ya kal, watu mia mbili. Unga hakuna tena. Leta magunia kumi." Ndiyo hiyo tu, salamu na dua ukiziondoa ndiyo hiyo tu, na kal yetu hii, jamani, neno moja kwa siku mbili, siku iliyotangulia leo na siku inayoifuata leo, zote kal, mama akikwambia nitakupa kal unajua ni kesho, akikwambia nilikupa kal unajua ni jana, kitenzi ndicho kinachokuonyesha njia, hatujawahi kupotea, mtoto wa miaka mitatu hapotei, lakini karani yule hakuweka kitenzi, alikuwa na haraka, aliandika ya kal, watu mia mbili, na Kiingereza hakina huruma, Kiingereza kina maneno mawili na lazima uchague. Ukichagua jana, ni kijiji kilichovamiwa na askari mia mbili wenye njaa na bunduki, wamekula kila kitu wamekwenda zao, watoto hawana kitu, shemeji tusaidie. Ukichagua kesho, ni kijiji kinachokusanya unga kuwalisha maadui wa Serikali. Neno moja tu. Nikachagua kesho, na farasi wakatandikwa mchana huohuo.

Kosa, basi, kosa la kazi, nani hakosei, hata kinyozi humkata mtu sikio, siku tatu sasa najiambia nilikosea, kichwa kilikuwa kinauma, mwandiko mbaya, joto, na aliyekaa hapa pembeni yangu kwenye mkeka huu huu alikuwa Kifayat Ali, miaka kumi na moja tumegawana kidau, hakuna aliyejua Kiajemi kama yeye, akatafsiri barua ya watu waliowapa askari waasi maji akaandika "wasafiri," kwa sababu barua yenyewe ilisema wasafiri, Sahib akamwuliza taratibu, "Kwa nini unawalainisha, Munshi?" na jioni ile walikuja wawili wakamchukua, viatu vyake vilikaa hapo mlangoni siku mbili mpaka mfagiaji alipoviondoa, hatujasikia neno, mkewe alikuja kwangu akasimama uani, nikamwambia mke wangu sema sipo. Ulimi uliponza kichwa, nikajisemea, wangu utakaa kinywani. Na siku ya barua ya Harnaipurwa Sahib alisimama nyuma ya bega langu, nasikia pumzi yake, nikatafsiri, na kwenye kesi, kesi gani, haikudumu hata tambuu moja kuisha mdomoni, mzee alisema walikuja, wakala, wakaondoka, nikatafsiri sawasawa hayo, Mungu shahidi, walikuja, wakala, wakaondoka, Sahib akainua karatasi akasema, "Barua yake inasema kesho. Una hakika, Munshi?" na mzee ananitazama, hajui Kiingereza, ananitazama kwa matumaini kwa kuwa ni mimi niliyemsemea... nikasema ndiyo, Sahib. Nilikuwa nimekwisha kuandika, nitasemaje vinginevyo, mtu anayebadili neno lake siku hizi ni mtu wa pande mbili, na watu wa pande mbili wanajulikana wanakokwenda, nina binti hajaolewa, nina mama kipofu, kosa likishatokea limetokea, yaliyopita si ndwele, wanasema wenye midomo mizuri, tugange yajayo, wala hawakuwahi kukaa mahali ambapo yaliyopita na yajayo ni neno moja.

Mstari wa kumi na tatu, ninayo heshima kuwa mtumishi wako mtiifu sana, nafasi ya saini, imekwisha, sasa kiambatisho, tafsiri ya barua iliyokamatwa, saa sita kasoro dakika tano, nichukue ile yangu ya asili niinakili, iko wapi, hii hapa, nainyanyua nione vizuri, na pazia kavu linapitisha jua, na jua linapita kwenye karatasi... hapa. Hapa karatasi ni nyembamba. Mahali pa herufi moja tu, pale inapoanzia kesho, jua linapita, pamekwanguliwa kwa kisu, kazi nzuri, kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu, kisu changu hiki, na chini ya mkwaruzo kuna kijivu kidogo kilichosalia, kikia cha herufi, si mwanzo wa kesho ya Kiingereza, ni y, mwanzo wa jana yao, mkia unaoteremka chini ya mstari, hauna mwenziwe. Neno nililoanza kuandika ni jana. Niliisoma barua mara moja nikaielewa, nani asingeielewa, unga hakuna tena, mtu hasemi tena kwa kitu ambacho hakijaliwa, nikaandika herufi ya kwanza ya jana, ndipo pumzi ya Sahib ikafika begani, nikachukua kisu, nikakwangua, nikasugua kwa ukucha ili wino usisambae, nikapuliza vumbi. Mtu aliyekosea hafanyi hivyo. Siku tatu nimekula, nimelala, nimemfundisha Shyama jedwali la tisa, nikiwa na kosa langu mfukoni kama ganda la dawa, nalilamba kila likiniuma, na kumbe halikuwapo, sikuwa na kosa lolote, nilikuwa na woga na kisu.

"Munshi-ji, umefika wapi?"

Nimefika pale uliponyongwa, mzee. Nimepapita, niko chini zaidi. Nataka kumwambia haya, haya, na haya haitoki, Sahib kule anakwaruza, mlinzi amefumba macho, naegemea pazia mpaka mizizi inanichoma shavu na nasema, "Chaudhri, hii si arzi."

"Si arzi?"

"Ni barua ya Sahib kwa wakubwa zake. Inasema umekwisha kunyongwa, leo, saa sita." Nasikia anavuta mguu sakafuni, anajiweka sawa kwenye nguzo, mtu aliyechoka kusimama. Halafu anauliza, kama angeuliza bei ya mbegu, kwa lipi, nami nasema kwa ile barua yako kwa shemeji, kwa ile kal, anasema, "Lakini kal ile si ilikwisha kupita. Hukuwaambia?"

"Niliwaambia kesho."

"Ah," anasema. "Ulikosea."

Na hapo ndipo angenisamehe, naisikia kwenye sauti yake, yuko tayari, kamba inamngoja na bado ananipa mlango wa kutokea, ndiyo, Chaudhri, nilikosea, joto, mwandiko, maneno yako hapo tayari nimeyazoea siku tatu, mwenyewe angesema basi mwanangu, ni Mungu, na ningeinakili tafsiri hii mistari minne nikapeleka zikatiwa saini, nikaenda nyumbani nikanawa... "Hapana," nasema, "sikukosea. Nilijua." Nangoja anilaani, angenilaani ingekuwa nafuu, angemtaja mama yangu, angewataja wale waliokuwa kwenye nyumba zile za majani ambao hata idadi yao Sahib hakuiandika, lakini yeye anafikiri, namjua mkulima anapofikiri, anachukua muda wake, na anapojibu hakuna hasira, ni mtu anayemwelekeza mwenzake asiyeona kitu kilicho mbele ya pua yake.

"Basi mwambie sasa. Si huyo hapo?"

Si huyo hapo. Kumi na moja, hatua ni kumi na moja kutoka mkeka huu mpaka meza ile, nimezitembea miaka na miaka nikibeba karatasi, na Shyama, na mama, na mwarobaini, na viatu mlangoni, vyote viko palepale, havikupungua hata kimoja, ninaogopa kama jana na zaidi ya jana, lakini miguu imenyooka, nani kaiambia, nimesimama, karatasi iliyokwanguliwa mkononi, na Sahib hainui kichwa, anauliza huku anachovya kalamu, "Tayari, Munshi?"

"Bado, Sahib," nasema. "Kuna neno nililiandika nikijua silo."